Gauni Likifika na Tundu: Kumaliza Madai ya Pesa kwa Wauza Mitumba wa Mtandaoni

Kurasa nyingi za wauza mitumba Instagram zina mstari mmoja unaofanana. Baada ya namba ya WhatsApp na maneno "mikoani tunatuma", hufuata onyo: mali ikishauzwa hairudishwi. Aliyeliandika hujiona amejikinga. Halafu gauni linafika Dodoma likiwa na tundu kwapani, mteja analipiga picha na kudai pesa yake, na onyo lile linazidi kuchochea ugomvi, kwa sababu mteja sasa analisoma kama ushahidi kwamba tangu mwanzo alikusudiwa kudhulumiwa.

Hata kisheria onyo hilo halina nguvu linayodhaniwa kuwa nayo. Sheria za Uuzaji wa Bidhaa za Tanzania na Kenya zote zilichotwa kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zote mbili zinashikilia jambo moja: bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake. Nguo ya mtandaoni inaingia hapo moja kwa moja. Mnunuzi hajaishika, hajaigeuza ndani nje, hajainusa. Alicholipia ni picha tatu na mistari minne ya maandishi, na akiletewa kitu tofauti ana haki ya kukikataa. Kenya imeongeza Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo haitambui makubaliano ya kumvua mnunuzi haki ilizompa. Tanzania nayo ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayomtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na kueleza bidhaa na masharti yake.

Kanuni hiyohiyo inamlinda muuzaji pia, na wengi hawaijui. Nguo iliyolingana na maelezo imeuzwa. Mteja aliyeonyeshwa doa kwenye picha, akalipia, kisha akalilalamikia doa lilelile, hana hoja. Vivyo hivyo aliyepewa vipimo kwa sentimita akaamua kukisia. Kwa hiyo karibu kila dai la kurudishiwa pesa linapimwa kwa swali moja: je, kilichofika ndicho kilichoelezwa? Muuzaji anayejizoesha kuuliza swali hilo kwanza, kabla hajakasirika na kabla hajajitetea, atamaliza madai mengi kwa ujumbe mmoja au miwili.

Masoko makubwa ya nguo zilizotumika huko Ulaya na Marekani yamejengwa juu ya swali hilo. Vinted, iliyoanzishwa Lithuania mwaka 2008, humshikia mnunuzi pesa yake mpaka athibitishe kwamba nguo iko sawa, na kumpa siku mbili tangu ifike kueleza kasoro. Akinyamaza, muuzaji analipwa. Poshmark ya Marekani hutoa siku tatu, na inasema wazi kwamba nguo kutomtosha mtu si sababu ya kurudishiwa pesa. Masoko ya Kariakoo na Gikomba hayana mtu huyo wa kati. Pesa ikishaingia M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, imeingia. Muuzaji anakuwa mshtakiwa na hakimu kwa wakati mmoja, na ndiyo maana anahitaji utaratibu ulioandikwa, unaojulikana kwa pande zote mbili kabla shilingi haijahama.

Badala ya onyo lile kavu, masharti kama haya yanafaa kukaa juu ya ukurasa, na kutumwa tena kwa kila mteja pamoja na namba ya kulipia: "Nguo ikifika tofauti na maelezo, au ikiwa na kasoro ambayo sikuitaja, nitumie picha ndani ya saa 24. Nitarudisha pesa yote pamoja na nauli. Vipimo nimevitoa kwa sentimita, tafadhali jipime kabla ya kulipia. Nguo isiyotosha hairudishiwi pesa. Nabadilisha kama lebo yangu ya karatasi haijakatwa, na nauli inakuwa ya mteja." Ni maneno machache. Yanasema nini kinarudi na nini hakirudi, kwa muda gani, na nani analipa usafiri. Saa 24 hapo ni mfano. Anayetuma Kigoma au Mtwara atahesabu kuanzia mteja anapouchukua mzigo stendi.

Kinachozaa madai kuliko vyote ni saizi, na hapo inafaa kukaa kidogo. Robota moja linaweza kuwa na nguo za nchi nne, na kila nchi ina hesabu zake. Gauni la saizi 8 la Marekani ni 12 ya Uingereza, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia. La Korea Kusini litaandikwa 66, na mteja asiyejua atadhani ni la mtu mnene kupindukia. La China huandikwa kwa mfano 165/88A, yaani limeshonewa mtu mwenye urefu wa sentimita 165 na kifua cha sentimita 88. Mteja wa Arusha akiuliza "ni saizi gani dada?" akajibiwa "12", kila mmoja ana 12 yake kichwani. Zaidi ya hapo, nguo hizi zimeshafuliwa mara nyingi, nyingine kwenye mashine za maji moto, na lebo haielezi zimerudi kiasi gani.

Dawa yake ni tepu ya fundi. Nguo inatandazwa mezani bila kuvutwa, inapimwa kwapa hadi kwapa, kiunoni, nyongani, na urefu kutoka begani mpaka pindo. Suruali inaongezewa mguu wa ndani. Tepu inaachwa juu ya nguo wakati wa kupiga picha, tarakimu zionekane. Kwapa hadi kwapa ikisoma 48, muuzaji anaandika "kifua 96" na kuongeza kama kitambaa kinavutika au hakivutiki. Kisha anamwomba mteja apime gauni lake mwenyewe linalomkaa vizuri, kwa njia ileile, na kulinganisha. Inachukua dakika mbili kwa nguo. Muuzaji mwenye nguo 60 za kupandisha kwa wiki ataona ni kazi, na ni kazi kweli, lakini inafanyika mchana akiwa ametulia, tofauti na kujibizana saa tano usiku na mtu aliyekwisha kasirika.

Kasoro zinafuata mkondo huohuo. Nguo inageuzwa ndani nje na kukaguliwa kwa mpangilio mmoja siku zote: kola, kwapa, bitana, mishono ya ubavuni, zipu kupandishwa na kushushwa, vifungo, magoti, pindo. Picha zinapigwa karibu na dirisha, bila filta. Ile taa ya duara inayotumika kwenye matangazo ya moja kwa moja ya TikTok huifanya bluu iliyokolea ionekane nyeusi, na krimu ionekane nyeupe, na madai ya "rangi siyo niliyoiona" huanzia hapo. Tundu au doa linapigwa picha likiwa na sarafu ya shilingi 200 pembeni, ili ukubwa ujulikane bila mabishano. Harufu ya robota haipigiki picha, kwa hiyo inaandikwa: "haijafuliwa, ina harufu ya dawa".

Yapo maneno ya kuepuka. "Haijavaliwa kabisa" na "orijino" huongeza bei kidogo na kumfunga muuzaji sana, kwani hajui nguo ilipitia kwa nani. Kilicho salama ni kusema anachokiona: lebo imeandikwa Levi's, kifungo kina maandishi haya, picha hizi hapa. Mteja anayejua ataamua mwenyewe. Na nguo za ndani za mtumba hazina nafasi hata kwenye tangazo: Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku uingizaji na uuzaji wake, na anayeziuza hawezi kusimamia masharti yoyote mbele ya mteja wala mbele ya mkaguzi.

Pamoja na uangalifu wote huo, siku moja ujumbe utaingia. "Dada habari, gauni limefika ila limechanika kwapani, sijapenda." Wengi hapa huanza kwa kujihami: mbona mimi nililikagua, labda umelichana wewe wakati wa kulivaa. Ujumbe huo ukishatumwa, mazungumzo yamehama kutoka kwenye gauni kwenda kwenye heshima za watu, na hakuna kiasi cha pesa kinachotuliza heshima iliyoguswa. Jibu linalofaa ni fupi na lina kazi ndani yake: "Pole sana dada, na asante kwa kunijulisha. Naomba picha mbili, moja ya hapo palipochanika kwa karibu, nyingine ya gauni zima na lebo yangu ikionekana. Nikizipata nakujibu leo kabla ya saa mbili usiku." Hajakiri, hajakana. Amempa mteja jambo la kufanya na saa ya kusubiri. Na saa hiyo lazima aitimize, hata kama jibu ni kwamba bado anaangalia.

Picha zikija, muuzaji anafungua zake na kuweka kando kwa kando. Kama tundu halikutajwa na halionekani kwenye picha za tangazo, hesabu imekwisha: "Nimeona dada, hiyo sikuitaja, kosa ni langu. Chagua unachopenda: nikurudishie 25,000 yote pamoja na nauli uliyolipa, au ubaki na gauni nikurudishie 8,000 ya kumpa fundi na usumbufu." Kumpa mtu uchaguzi kunasaidia kuliko kumpa uamuzi. Baadhi ya wateja watachagua kubaki na gauni, kwani walilipenda ndiyo maana wakalinunua.

Kuhusu nauli, wauzaji wengi humwambia mteja airudishe nguo kwa gharama yake ndipo apewe pesa. Sheria ya mauzo haiko upande wao: kama hawakukubaliana vingine, mnunuzi aliyeikataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha, inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Gharama ya kuifuata ni ya muuzaji. Hata bila sheria, hesabu yenyewe inasema. Tuseme fulana iliuzwa 7,000, na bodaboda kutoka Mbagala mpaka Sinza anataka 6,000. Kuifuata fulana hiyo ni kuilipia mara ya pili. Afadhali muuzaji arudishe pesa, amwachie mteja fulana, na aendelee na kazi. Kwa koti la 60,000 jambo linabadilika, na hapo anamtuma bodaboda wake mwenyewe, analikagua, kisha analipa siku hiyohiyo.

Viatu vinahitaji neno la peke yake. Baadhi ya raba zina soli ya katikati iliyotengenezwa kwa poliyurethani, na malighafi hiyo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa macho kinang'aa. Kikivaliwa siku ya kwanza kinamung'unyuka kama mkate mkavu. Muuzaji hakudanganya, mteja hakukiharibu, na bado pesa inabishaniwa. Kabla ya kupandisha picha, muuzaji abonyeze soli kwa kidole gumba na kukikunja kiatu mara kadhaa: ikipasuka, ikitoa unga au ikinata, kiatu hicho hakiuzwi. Na soli ikimvunjikia mteja ndani ya siku chache, maoni ya makala hii ni kwamba arudishiwe pesa yote bila kusubiri kubembelezwa, kwa sababu mtu ananunua kiatu ili atembee.

Wapo pia wateja wasio waaminifu, na kuwakana ni kumdanganya msomaji. Mmoja anavaa gauni Jumamosi harusini na Jumatatu anadai halimtoshi. Dhidi yake kuna kilebo kidogo cha karatasi kinachofungwa kwa uzi wa plastiki mahali panapoonekana, kifuani au kiunoni. Nguo ikirudi bila kilebo, haibadilishwi, na hilo limeandikwa kwenye masharti. Mwingine anarudisha blauzi yake chakavu iliyofanana na aliyotumiwa. Picha ya lebo ya ndani, mshono usio wa kawaida au kifungo chenye alama, iliyopigwa siku ya kufunga mzigo, inammaliza bila kelele.

Wa tatu anacheza na muamala wenyewe. Anatuma picha ya skrini ya malipo, au ujumbe wa kughushi unaofanana na wa mtandao wa simu. Muuzaji asitazame ujumbe, afungue salio lake. Mwingine analipa kweli, anapokea mzigo, kisha anaomba kampuni ya simu irudishe muamala akidai alikosea namba. Kenya, mteja wa Safaricom anaweza kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda namba 456 kuomba urejeshwe. Huduma hiyo ni ya watu waliokosea kweli, na kinachomtetea muuzaji akitakiwa kujieleza ni mazungumzo ya WhatsApp yenye oda, bei, jina, na picha ya mzigo ukikabidhiwa. Asiyafute. Na anaporudisha pesa yeye mwenyewe, arudishe kwenye namba ileile iliyolipa. Akijitokeza mtu na namba nyingine, "ya mume wangu, tuma huku", apige simu kwanza namba ya awali. Ada pia isemwe mapema: kosa likiwa la muuzaji, atume na ya kutolea.

Mizigo ya mikoani ina ugomvi wake. Kwa kawaida ya sheria za mauzo, kumkabidhi msafirishaji mzigo huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi, mradi muuzaji amepanga usafiri kwa uangalifu unaostahili. Uangalifu huo unaonekana kwenye vitu vidogo: jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu isiyofutika, nguo ndani ya mfuko usiopitisha maji, risiti ya ofisi ya basi ikionyesha thamani ya mzigo, na picha ya risiti hiyo kutumwa kwa mteja kabla basi halijatoka stendi ya Magufuli. Mzigo ukipotea, muuzaji mwenye risiti anaidai kampuni ya basi akiwa na mteja upande wake. Asiye na risiti anadaiwa na mteja, na hana pa kudai.

Kwa anayeuza au kununua marobota yenyewe, yale ya kilo 45 yanayouzwa yakiwa yamefungwa, desturi ya soko ni kwamba lililofunguliwa halirudi. Mnunuzi anabahatisha na anajua. Lakini kubahatisha ubora ni jambo moja, na kuletewa robota la mashati ya wanaume wakati yalilipiwa magauni ni jambo jingine. Hapo video ndiyo shahidi: kamba zikiwa hazijakatwa, robota likiwa kwenye mizani, karatasi ya nje inayotaja aina ya nguo ikisomeka, kisha kisu, kisha nguo moja baada ya nyingine, bila kukata video. Muuzaji wa jumla mwenye busara huiomba video hiyo yeye mwenyewe kabla ya kuuza, ili mteja ajue mapema kwamba bila video hakuna mazungumzo.

Mteja akimwanika muuzaji mtandaoni kwa neno "tapeli", kishawishi cha kwanza ni kuanika naye namba yake ya simu na mazungumzo yake. Asifanye hivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa alizopewa ili apeleke mzigo hazikutolewa kwa ajili ya kulipiza kisasi. Aandike jibu moja chini ya lalamiko, lenye tarehe na hatua alizochukua, aseme pesa ilirudishwa siku gani au kwa nini haikurudishwa, kisha anyamaze. Wanaosoma ni wateja wa kesho. Wanatazama nani ametulia.

Lisipomalizika, kuna pa kwenda. Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60. Tanzania, Tume ya Ushindani, FCC, hushughulikia haki za mlaji, na Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya kawaida ya pesa. Kwa gauni la 25,000 ni wachache watakaofika huko, lakini kwa robota au oda ya sare za kwaya nzima, hizo ni njia za kweli kwa pande zote mbili.

Mwisho kabisa ni daftari, na hili linapuuzwa mno. Kila dai liandikwe: tarehe, aina ya nguo, kasoro, robota au mchuuzi ilikotoka, kiasi kilichorudishwa. Baada ya miezi michache kurasa zinaanza kusema. Zipu za sketi kutoka kwa mchuuzi mmoja wa soko la Karume ndizo zinazorudi. Suruali za jinzi hazijawahi kurudi tangu zianze kupigwa picha na tepu. Raba zimekula faida yote ya mwezi. Muuzaji anaamua kutoka hapo anunue nini asubuhi inayofuata, kwa nani, na kipi akiache mezani kwa mwenzake.